Józefów Ipi? Mwongozo kamili wa kuupata mji au kijiji sahihi cha Polandi pale majina yanapofanana

Mwaka wangu wa kwanza Polandi nilialikwa harusini Józefów. Nilipanda treni Warszawa, nikashuka mapema, nguo zimepigwa pasi, zawadi mkononi. Kanisa nililiona, harusi sikuiona. Harusi ilikuwa Józefów nyingine, ya upande wa Biłgoraj, zaidi ya kilomita 200 kutoka pale niliposimama. Nilipopiga simu, dada wa bwana harusi alicheka kwanza, kisha akaniuliza: “Lakini wewe uko powiat ipi?” Sikujua hata powiat ni kitu gani.

Tangu siku hiyo nimewasaidia wengi waliokwama mahali pale pale: wanafunzi, madereva wa malori, watu ambao vifurushi vyao vimerudi, na wengine wanaoniandikia kutoka Arusha wakifuatilia majina ya Wapolandi waliozikwa Tengeru, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa vita. Kosa ni moja. Mtu ana jina la mahali, analiandika kwenye simu, ramani inampa jibu la kwanza, naye analiamini.

Polandi ina Nowa Wieś zaidi ya 100. Maana yake ni Kijiji Kipya, basi. Zalesie ni ng'ambo ya msitu, Dąbrowa ni msitu wa mialoni, Kamień ni jiwe. Misitu na mawe havikosekani nchini humo, kwa hiyo majina hayo yametapakaa kila upande. Anayezijua Majengo ya Moshi na Majengo ya Mombasa hahitaji maelezo zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Picha ya maandishi ya asili: bahasha, cheti, mwaliko, mkataba au jiwe la kaburi. Si jina ulilolikariri, wala ulilosikia kwenye simu.

Mwaka wa hati hiyo. Bila mwaka, hatua ya 6 haitakusaidia.

Angalau jina moja la jirani: mji wa posta, parokia, mto, stesheni au mji mkubwa ulio karibu.

Postikodi, kama ipo. Ya Polandi huandikwa tarakimu mbili, kistari, kisha tarakimu tatu.

Simu yenye kibodi ya Kipolandi. Iongeze kwenye mipangilio sasa hivi, ni kazi ya dakika moja.

Intaneti ya kufungulia sehemu mbili zisizolipiwa: rejesta ya TERYT, inayotunzwa na ofisi kuu ya takwimu (GUS), na Geoportal, ramani ya serikali.

Hatua ya 1: Nakili jina pamoja na alama zake zote

Kipolandi kina herufi ambazo sisi hatuna: ą, ć, ę, ł, ń, ó, ś, ź, ż. Usizichukulie kama mapambo. Łask ni mji wa mkoa wa łódzkie. Laski ni kijiji karibu na Warszawa. Ukiandika “Lask” bila alama, simu itakupendekezea chochote inachokipenda.

Tahadhari kwa waliopokea jina kwa mdomo: ó na u hutamkwa sawa, na ż na rz hutamkwa sawa. Sikio halitakuokoa hapa. Mwambie aliyekutajia akuandikie.

Umefaulu ukiweza kuweka jina lako kando ya picha na herufi zikalingana moja baada ya nyingine.

Hatua ya 2: Lirudishe jina kwenye umbo lake la asili

Hapa ndipo wengi hupotea bila kujua. Sisi tukisema tuko ndani ya nyumba, tunasema nyumbani. Wapolandi nao hubadili mwisho wa jina la mahali kulingana na sentensi, na hati nyingi hazitaji jina kavu; zinasema “amezaliwa katika” fulani. Rejesta haina mji unaoitwa “Józefowie”. Hilo ni Józefów baada ya neno “w”, yaani katika. Ukitoka huko, ni “z Józefowa”. Ukienda, ni “do Józefowa”.

Mifano ya kushika:

“w Nowej Wsi” ni Nowa Wieś.
“w Białej” ni Biała.
“w Zawadzie” ni Zawada, ilhali “w Zawadach” ni Zawady.
“w Brzezinie” ni Brzezina, ilhali “w Brzezinach” ni Brzeziny.

Kuna mtego mmoja ninaoupenda kwa ubaya wake. “W Ostrowie” yaweza kuwa Ostrów, na yaweza kuwa Ostrowo. Majina mawili yanageuka kuwa umbo moja. Lakini mji wa Ostrów Mazowiecka hutendewa kama jina la kike, nao huwa “w Ostrowi Mazowieckiej”, bila ile e. Herufi moja tu inautenga na Ostrów Wielkopolski, ambao ni “w Ostrowie Wielkopolskim”. Kwa hiyo usikate mwisho wa neno kabla hujautazama vizuri.

Ukibaki na maumbo mawili yanayowezekana, yaandike yote mawili na uende nayo mbele. Usichague kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Jenga ngazi nne

Mahali popote Polandi pana ngazi nne: miejscowość (kijiji au mji wenyewe), gmina (halmashauri ya chini), powiat (wilaya) na województwo (mkoa). Mikoa ni 16, gmina ni zaidi ya 2,400. Chora mistari minne kwenye karatasi na ujaze kila unachokijua.

Kwa nini zote nne? Rudi kwenye Józefów yangu. Ya kwanza iko powiat otwocki, mkoa wa mazowieckie. Ya pili iko powiat biłgorajski, mkoa wa lubelskie. “Basi nikijua mkoa nimemaliza,” utasema. Hapana, kwa sababu kuna mji wa tatu, Józefów nad Wisłą, nao pia uko lubelskie. Na hiyo ni miji tu, sijagusa vijiji.

Powiat nayo ina hila zake. Jina lake hutokana na mji wake mkuu, na miji yenye majina ya kukaribiana huzaa wilaya zenye jina moja. Kuna powiat bielski mbili: moja ya Bielsko-Biała katika mkoa wa śląskie, nyingine ya Bielsk Podlaski katika podlaskie. Powiat brzeski ni mbili, moja ya Brzesko (małopolskie) na moja ya Brzeg (opolskie). Powiat opolski iko opolskie, na nyingine iko lubelskie ikiongozwa na Opole Lubelskie, na Józefów nad Wisłą ni ya hiyo ya pili. Dereva mmoja aliambiwa “powiat opolski” akaelekea Opole, kusini-magharibi, na mzigo ulikuwa unasubiriwa ukingoni mwa mto Wisła.

Orodha ya nyingine za kuogopwa: grodziski, nowodworski, ostrowski, średzki, świdnicki, tomaszowski, krośnieński. Kila moja ipo katika mikoa miwili.

Tazama pia majina ya mikoa yenyewe. Lubelskie ni ya Lublin, mashariki. Lubuskie ni ya Gorzów na Zielona Góra, magharibi. Ukisoma haraka kwenye kioo cha simu hutaona tofauti.

Jambo la mwisho kwenye ngazi hizi ni kwamba gmina inaweza kuwa mbili kwa jina moja, moja ya mji na nyingine ya vijiji vinavyouzunguka mji huo. Sochaczew iko hivyo. Ofisi ya mji haishiki mambo ya vijiji, na barua yako ikifika dirisha lisilo lake inaweza kukaa muda mrefu.

Umefaulu ukiwa na mstari kama huu: Żelazowa Wola, gmina Sochaczew (ya vijijini), powiat sochaczewski, województwo mazowieckie. Hapo ndipo alipozaliwa Chopin, na nitapatumia tena chini kidogo.

Hatua ya 4: Usidanganywe na jina la pili

Ili kupunguza mkanganyiko, miji mingi imeongezewa neno: Tomaszów Mazowiecki na Tomaszów Lubelski, Grodzisk Mazowiecki na Grodzisk Wielkopolski, Nowy Dwór Mazowiecki na Nowy Dwór Gdański, Aleksandrów Łódzki na Aleksandrów Kujawski. Dąbrowa mjini ni tatu: Górnicza, Tarnowska na Białostocka. Neno hilo la pili ni sehemu ya jina. Ukiliacha, umeacha nusu ya anwani. Kati ya Tomaszów mbili pana zaidi ya kilomita 250 hata kwa mstari ulionyooka.

Lakini neno hilo si mkoa wa leo. Hili ndilo kosa la wale waliokwisha kujifunza kidogo, na kwangu ni baya kuliko la asiyejua kitu, maana mtu hulifanya kwa kujiamini. Linataja eneo la kale, na mipaka ya mikoa ilichorwa upya baadaye. Tazama:

Tomaszów Mazowiecki na Rawa Mazowiecka ziko łódzkie.
Wysokie Mazowieckie iko podlaskie.
Sokołów Podlaski iko mazowieckie.
Biała Podlaska, Radzyń Podlaski na Międzyrzec Podlaski ziko lubelskie.
Sokołów Małopolski iko podkarpackie.
Gorzów Wielkopolski iko lubuskie.

Ukijaza fomu na kuandika mkoa wa podlaskie kwa sababu mji unaitwa Biała Podlaska, umekosea, na fomu za mtandaoni zenye orodha ya kuchagua hazitauona mji wako.

Maneno “nad” na jina la mto yana faida zaidi, kwa kuwa mto hauhami mkoa. Nowe Miasto nad Pilicą iko kwenye mto Pilica, Nowe Miasto nad Wartą kwenye Warta. Wanaokwenda kuzuru kumbukumbu ya kambi ya mauaji ya Wanazi ya Chełmno washike neno hilo kwa nguvu: wanapakusudia Chełmno nad Nerem, kijiji kilicho kwenye mto Ner katika mkoa wa wielkopolskie. Mji wa Chełmno, ambao ramani huuleta kwanza, uko kujawsko-pomorskie, zaidi ya kilomita 100 kaskazini.

Hatua ya 5: Soma postikodi, kwa kiasi

Chukua anwani ya makumbusho ya Chopin: Żelazowa Wola 15, 96-503 Sochaczew.

Ukiisoma kwa macho ya kwetu utadhani Żelazowa Wola ni mtaa ndani ya Sochaczew. Sivyo. Ni kijiji, na 15 ni namba ya nyumba. Vijiji vingi havina majina ya mitaa, kwa hiyo jina la kijiji husimama mahali pa mtaa. Mji ulio baada ya postikodi ni mji wa posta tu, unaoshughulikia barua za kijiji hicho. Mtu akikupa “Nowa Wieś 27” bila mstari wa posta, hajakupa anwani.

Tarakimu ya kwanza huonyesha ukanda wa posta: 0 Warszawa, 1 Olsztyn, 2 Lublin, 3 Kraków, 4 Katowice, 5 Wrocław, 6 Poznań, 7 Szczecin, 8 Gdańsk, 9 Łódź. Hii inatosha kufuta wagombea wengi kwa mara moja. Kama barua yako ina 7 mwanzoni, Nowa Wieś ya karibu na Kraków iondoe.

Ila ukanda wa posta si mkoa. Postikodi zilianza 1973, mikoa ikabadilishwa baada ya hapo. Hiyo 96-503 inaanza na 9, ya Łódź, na kijiji kiko mazowieckie. Tumia tarakimu hiyo kufutia, usiitumie kujazia fomu.

Kama ulichonacho ni picha ya kijijini na gari limeegeshwa ndani yake, tazama herufi ya kwanza ya namba: W ni mazowieckie, L lubelskie, K małopolskie, E łódzkie. Si ushahidi, maana magari hutembea, lakini umewahi kunisaidia.

Hatua ya 6: Hati ikiwa ya zamani, badilisha ramani kwanza

Kuanzia 1999, soma kama nilivyoeleza.

Kati ya 1975 na 1998 mikoa ilikuwa 49, na powiat hazikuwepo kabisa. Usihangaike kuitafuta powiat kwenye cheti cha 1985. Utakutana na mikoa iliyokufa kama siedleckie, tarnobrzeskie au zamojskie. Hiyo ni bahati kwako, kwa sababu mkoa mdogo unabana utafutaji. Józefów ya Biłgoraj wakati ule ilikuwa zamojskie, na jina hilo peke yake linaitenga na ile ya Otwock. Hatari iko kwenye majina yaliyobaki: “lubelskie” ya 1985 ni ndogo kuliko lubelskie ya leo.

Kabla ya 1945, upande wa magharibi na kaskazini ulikuwa na majina ya Kijerumani. Neudorf nyingi zikawa Nowa Wieś. Kutafuta jina la Kipolandi kwenye hati ya wakati huo hakutakufikisha. Anza na la Kijerumani.

Sasa ndugu zangu wa Tengeru, na wa Masindi na Koja kule Uganda. Wapolandi waliofikishwa Afrika Mashariki kuanzia 1942 wengi wao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki ya nchi yao ya kabla ya vita. Sehemu kubwa ya mashariki hiyo leo haiko Polandi. Kwa hiyo rejesta ya Polandi ikikuletea kijiji chenye jina lile lile, tulia kwanza: huenda umepata jina lake tu, na chenyewe kiko nchi nyingine.

Angalia mkoa wa kabla ya vita. Wołyńskie, tarnopolskie na stanisławowskie: tafuta Ukraine. Nowogródzkie: zaidi Belarus. Poleskie: zaidi Belarus, na sehemu Ukraine. Wileńskie: Lithuania na Belarus. Lwowskie na białostockie ziligawanywa, kwa hiyo hapo utapekua pande zote za mpaka.

Mfano wa wazi ni “w Brześciu”. Brześć Kujawski iko Polandi hadi leo. Brześć nad Bugiem ndiyo Brest ya Belarus. Kwa mtu aliyefika Tengeru, mimi ningeanza na ya pili, halafu nitafute neno lolote la kunipinga.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema mahali hapo pako nchi gani leo, na panaitwaje leo.

Hatua ya 7: Fungua rejesta, andika wagombea, anza kufuta

Ingia TERYT, sehemu ya miejscowości, andika jina katika umbo lake la asili na alama zote. Itakuletea orodha yenye gmina, powiat na mkoa wa kila moja. Usiogope urefu wake. Inakili yote, au ipige picha.

Kisha futa kwa utaratibu huu: kwanza mkoa, halafu ukanda wa posta, halafu powiat, mwisho jirani uliyemwandika mwanzoni. Jirani ndiye shahidi bora. Kama cheti kinataja parokia, tafuta parokia hiyo iko wapi; vijiji vinavyoizunguka ni vichache, na mara nyingi jina lako litakuwamo mara moja tu.

Usitupe mistari iliyoandikwa “część wsi”, “kolonia” au “przysiółek”. Hivyo ni vitongoji, na bibi wa mtu anaweza kuwa amezaliwa kitongojini.

Kila mahali pana namba yake ya tarakimu 7, inayoitwa SIMC. Ya Warszawa ni 0918123. Namba hiyo haina pacha. Ukiipata ya kijiji chako, iandike kwa kalamu, maana ukirudi baada ya miezi mitatu utakuwa umesahau ulichagua ipi kati ya 40.

Hatua ya 8: Hakikisha kwenye ramani kabla hujalipa wala kutuma

Fungua Geoportal, nenda kwenye kijiji ulichokipata, kisha sogeza ramani utazame majirani. Mto upo? Mji wa posta uko karibu? Kanisa liko kijijini au kijiji cha pili? Kama mwaliko unasema dakika 10 kutoka stesheni na ramani haina reli kokote, rudi hatua ya 7.

Kwa safari, linganisha jina la stesheni na mkoa wake kabla ya kununua tiketi. Kwa barua ya serikali, tuma Urząd Gminy, yaani ofisi ya gmina yenyewe. Kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo, ni Urząd Stanu Cywilnego, ofisi ya usajili.

Ukibaki na wagombea wawili, usipige kura. Waandikie wote wawili. Na kama aliyekupa jina bado yupo kwenye simu, mtumie sentensi hii ya Kipolandi kama ilivyo:

Proszę podać gminę, powiat i kod pocztowy.

Unamwomba akutajie gmina, powiat na postikodi. Mpolandi hataona ajabu kuulizwa hivyo. Akikujibu kwa jina la kijiji peke yake kwa mara ya pili, omba akutumie alama ya mahali kwenye ramani, halafu ukaisome dhidi ya karatasi yako yenye mistari minne.